Mtani Aliyelala na Baibui Langu

Wenzangu wa mwani, mmeniuliza Dar kulikuwaje, na kila mara nimewajibu "Alhamdulillahi" nikashika kamba yangu. Siwafichi. Jambo lenyewe ni refu, na maji yakishakupwa hayamsubiri mwenye hadithi. Basi nimeliandika, mlisome kwa zamu, na asiyependa kusoma asomewe. Shule niliiacha darasa la sita, sababu mnaijua, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Habari za barua, vipimo na foleni za dirishani nimeziacha; hazina utamu, na kila aliyewahi kuugua anazijua. Nawapa njia na watu wake.

Utende

Uvimbe niliugusa mwenyewe nikioga. Ulikuwa upande wa kushoto, karibu na kwapa, mgumu kama kokwa ya tende, na hauumi. Ungeuma ningekwenda mapema. Kwa kuwa hauumi, nilijifunga kanga mbili kifuani nikaendelea na kazi mpaka kokwa ya tende ikawa kama yai la kuku.

Wakubwa kati yenu mnakumbuka kwamba mama yetu alikufa na ziwa, maradhi ya titi. Wengine walisema ni jicho la watu, wengine walisema maziwa yamemgandia ndani, kwa kuwa alikuwa akimnyonyesha Rukia. Baba alikuwa ameshatangulia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu, Omari yuko darasa la kwanza, Rukia hajaota meno. Tangu siku hiyo mama wa nyumba ile ni mimi. Sasa Omari ni mvuvi mwenye ndevu na Rukia ni fundi cherehani, lakini mpaka leo hakuna anayegusa sahani kabla sijakaa. Niliona nikisema neno hili mbele yao, wataanza kunizika nikiwa napika. Kwa hiyo waliponiambia hospitali ya Kilindoni kwamba ni saratani na natakiwa Dar es Salaam, nyumbani nilisema nakwenda kuangaliwa presha.

Hapo nikafanya kosa ambalo bado mnanicheka. Mnajua desturi yetu: mtu akiwa na safari ya mbali hatoki hivihivi, hupita kwa majirani akawaomba radhi, hasa anayekwenda Hijja. Mimi niliona ni adabu tu. Nikapita nyumba kwa nyumba: "Kama nimekukosea, nihalalishie." Nilisahau kwamba hakuna mtu anayeomba radhi kwa sababu ya presha.

Nilipofika kwa Bi Time, jirani yetu mkubwa, alikuwa anakuna nazi. Aliacha mbuzi akasimama.

"Shikamoo, Bi Time. Nimekuja kukuaga. Nilipokukosea nisamehe."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Dar, kuangalia presha."

"Presha gani ya kuagwa namna hii?" Akaanza kulia palepale, na machicha mikononi. "Nimekusamehe, mwanangu. Nimekusamehe duniani na akhera."

Nilipomaliza mtaa, watu walikuwa wananitazama mgongoni. Mimi nikadhani wanapenda adabu yangu.

Kilindoni

Omari alinipeleka kwa pikipiki. Boti ya Nyamisati ilikuwa iondoke asubuhi, ikangoja maji, maji yakaja ikangoja fundi, fundi akaja akasema anangoja kifaa kutoka dukani. Tukakaa kwa mama mmoja anayeuza supu ya pweza na mihogo ya kukaanga. Omari hakula. Alikuwa ananitazama, nikimtazama anatazama bahari.

Yule mama akamwambia, "We kijana, huyu ni mama yako?"

"Dada yangu."

"Basi kula. Dada haibiwi. Ungekuwa na mke hivi ningekuelewa."

Watu wakacheka. Omari akasema taratibu, "Dada, niende na wewe."

"Ukafanye nini? Wewe utalala wapi, wodi ya wanawake?"

"Nitalala nje."

"Rudi nyumbani. Rukia hawezi kulala peke yake."

Rukia ana miaka ishirini na mmoja na hulala peke yake vizuri kabisa. Hata yeye Omari alijua. Lakini nilikuwa sijazoea kusindikizwa. Tangu utoto ni mimi ninayesindikiza. Boti ilipopiga honi nilipanda na mfuko wangu, nikakaa upande ambao sitamwona gatini.

Bahari ilikuwa na mawimbi mafupi, yale ya kutikisa tumbo bila kutisha. Nusu ya abiria walitapika. Mimi nilikula mihogo yangu yote, maana nilikuwa nimeifunga kwenye gazeti na sikuona sababu ya kuitupa.

Nyamisati hadi Mbagala

Ng'ambo tulipanda basi. Barabara ya kutoka Nyamisati mpaka kwenye lami mvua ilikuwa imeichimba, na kila basi lilipoingia shimoni nilikuwa nashika kifua kwa mkono. Pembeni yangu alikaa mama wa Kimanzichana, mnene, mchangamfu, na kikapu cha korosho magotini. Akanitazama, akatazama mkono wangu.

"Unanyonyesha?"

Nikafikiri. Kusema hapana kungeleta swali la pili. "Ndiyo."

"Maskini. Mtoto umemwacha na nani?"

"Na mjomba wake."

"Mjomba! Mwanamume atajua nini? Jina lake nani?"

"Rukia."

"Mkubwa?"

"Bado mdogo," nikasema, na Mungu anisamehe.

Mbele kidogo basi lilikwama kwenye tope. Kondakta akasema wote washuke, wenye nguvu wasukume. Nilishuka nikakunja mikono ya baibui, maana mimi ni mtu wa kusukuma. Yule mama akapiga kelele mpaka dereva akageuka: "Huyu asisukume! Ana mtoto mchanga!" Wanaume wote wakaniangalia, mmoja akaniletea ndoo niikalie. Katika maisha yangu sikumbuki gari likisukumwa mimi nimekaa.

Akanisogelea, akaninong'oneza, "Nenda nyuma ya kile kichaka ukajikamue. Usiyaache. Jirani yetu mmoja yalimgandia hivyo hivyo, yakawa uvimbe, akanyamaza nao. Alikufa na watoto wadogo."

Mpaka hapo nilikuwa naona mchezo. Pale mchezo ukaniishia. Nilikwenda nyuma ya kichaka kama alivyoniambia, nikasimama kuwapa watu mgongo, sifanyi chochote, mpaka nikasikia injini inaunguruma na watu wanashangilia.

Kimanzichana yule mama alishuka, akaninunulia uji wa mtama dirishani. "Kunywa, unaleta maziwa. Nisalimie Rukia." Nilikunywa wote. Salamu nilikuja kuzifikisha, na Rukia alitaka kujua kama ameshaanza kutambaa.

Wodini

Jengo sitalieleza. Ni kubwa, lina ngazi nyingi, na watu wake ni wapole kuliko nilivyotishwa. Wodi yetu ilikuwa ya wanawake tu wenye ugonjwa mmoja, wengine wanangoja kufanyiwa upasuaji, wengine wameshafanyiwa. Kila saa ya kuona wagonjwa ndugu walimiminika na mabakuli: wali, ndizi, maharage, chapati. Mimi nilikuwa natazama ukuta na kula chakula cha hospitali. Siku ya kwanza muuguzi aliniuliza, "Ndugu zako watakuja saa ngapi?" Nikasema wako njiani. Siku ya pili nikasema bahari imechafuka. Siku ya tatu hakuniuliza.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mwanamke mrefu, mweusi, sauti kama ya mnadi. Alikuwa ameshakatwa titi la kulia, na chupa ya kuchujia maji ya jeraha aliitia kwenye kifuko cha kanga akaivaa begani kama mkoba. Aliniuliza natoka wapi. Nikasema Mafia. Akakaa kitako kitandani.

"Mtu wa pwani! Alhamdulillahi, hata sisi Wakristo tunasema leo! Mimi naitwa Kalunde, Mnyamwezi wa Urambo. Mtani wangu umekuja kunifia hapa?"

Wazee wetu walituambia: watu wa pwani na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara ya wapagazi. Mtani anaweza kukutukana hukasiriki, anaweza kuchukua kitu chako humnyang'anyi, na ukifa anakuja msibani kukuigiza watu wacheke. Baba alikuwa akitusimulia. Lakini Utende Wanyamwezi ni wachache, na mimi sikuwahi kupata wa kwangu.

"Sijafa bado," nikamwambia. "Na nikifa usinibebe wewe. Babu yako alibeba mzigo wa babu yangu mpaka Bagamoyo akasahau njia ya kwao."

Wodi nzima ilicheka, hata bibi mmoja wa Lindi ambaye tulidhani amelala. Kalunde akapiga paja kwa mkono wake mzima. "Haya! Sasa nimepona!" Tangu saa ile chakula chake kikija, nusu kiliwekwa kwangu. Mumewe alikuwa analeta michembe, ile mitamu ya viazi vikavu, na mimi nikailaumu kwamba ni magome, nikaila yote.

Baibui

Daktari alinieleza bila kuzunguka. Titi lote litaondolewa, na tezi za kwapani, halafu zitafuata dawa za mshipani. Nikauliza kama inawezekana kutoa uvimbe peke yake. Akasema kwa ukubwa wake, hapana. Nikakubali kwa kichwa.

Siku ya upasuaji nilifunga tangu jioni, wakaja wagonjwa wa dharura, nikaahirishwa. Ya pili hivyo hivyo. Ya pili hiyo nikasema moyoni: Mungu ananiambia kitu. Nikaanza kukunja nguo zangu.

"Wapi?" Kalunde akauliza.

"Nyumbani. Nakwenda kuzungumza na wadogo zangu, kisha nirudi."

"Kitanda hicho ulichokalia, aliyekuwepo kabla yako alikwenda kuzungumza na mume wake. Mpaka leo wanazungumza."

"Mimi nitarudi."

"Wanajua unaumwa nini, hao wadogo zako?"

Nikachukua taulo, nikaenda kuoga.

Niliporudi Kalunde alikuwa amelala chali kitandani kwake, amevaa baibui langu. Ni lile la kufunga mbele. Mkono wa kushoto ameuingiza, wa upande wa jeraha umemshinda, vifungo havikutani, na mtandio wangu kajitanda mpaka kwenye nyusi. Amefumba macho kama maiti.

"Kalunde, nipe baibui langu."

"Mimi naitwa Mwanahamisi, mtu wa Mafia," akasema bila kufumbua macho. "Naona haya kuumwa. Watu wasijue. Nizikeni na titi langu."

"Nipe, boti itaniacha."

"Nenda. Viatu vyako hivyo hapo, sijavigusa. Toka barabarani na gauni la wodi, watu wa Dar waone miguu ya pwani."

Mnanijua. Viatu nisingejali, kazi yangu ni ya miguu peku. Lakini bila baibui, barabarani, mchana? Na kwa nguvu siwezi kulichukua, jeraha lake bichi, na kitu alichochukua mtani hakinyang'anywi, hukombolewa. Nilisimama pale na taulo nimefura.

Ndipo akaingia muuguzi na mashine ya presha. "Mwanahamisi Juma?"

"Abee," akajibu Kalunde.

Muuguzi akamfunga ile mashine mkononi, akatazama uso, akanitazama mimi. Wodi ilikuwa imejiziba midomo kwa shuka. "Kalunde, vua nguo ya watu."

"Sivui, sista. Ni mtani wangu. Nina haki."

Muuguzi akafungua mashine taratibu. "Basi hayo ya kwenu siingilii," akasema, na akaja kunipima mimi. Presha, kwa kuwa mliiuliza sana, ilikuwa nzuri.

Nikakaa kitandani. "Taja ukombozi wako."

Kalunde akafumbua macho. Hakuwa anacheka tena. "Simu. Mpigie huyo mdogo wako. Umwambie ugonjwa wako kwa jina lake, nikisikia. Ukimaliza nakupa baibui, na ukitaka kwenda uende."

Nilipiga. Omari alikuwa pwani, nasikia mashua inagongwa nyundo. Nikamwambia, "Omari, si presha. Ni ziwa. Kama la mama. Wanataka kulitoa."

Nyundo ikanyamaza. Akasema, "Dada, tunajua."

"Mnajua nini?"

"Rukia aliona unajifunga kanga mbili. Kisha ukaomba radhi mtaa mzima. Hata watoto wa madrasa wanajua."

"Na mbona hamkusema?"

"Wewe ndiye mkubwa. Tungeanzaje kusema ambalo wewe hujalisema? Mimi sikumjua mama vizuri, dada. Nakujua wewe. Waache wakate. Kaa hapo hapo, tunakuja na Rukia."

Kalunde alivua kwanza mtandio akaniwekea magotini, halafu baibui, kifungo kimoja kimelegea. Nililitundika msumarini, nikapanda kitandani.

Baada ya kisu

Walikuja wote wawili. Omari alitoa damu, akatoka amenyooka mpaka mlangoni, kisha akakaa sakafuni, mtu wa futi sita. Rukia alileta pweza mkavu, na alipofungua lile bakuli wodi nzima iliuliza ni nani amefia chini ya kitanda. Kalunde alisema sasa anaelewa kwa nini babu yake alikimbia pwani. Alikula vipande vikubwa kuliko mimi.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, nililala. Nilipoamka niligusa, nikakuta bandeji na tambarare. Nililia kidogo, si sana. Rukia akanifuta uso kwa upindo wa kanga yake, kama mimi nilivyokuwa nikimfuta makamasi, na sisi sote tukatazama pembeni. Daktari akataka naye achunguzwe, kwa ajili ya mama na mimi. Hakukutwa kitu, na ameambiwa asiache kurudi.

Kilichonitesa si kidonda, ni dawa za mshipani zilizofuata. Kati ya dawa na dawa ni wiki, na kwenda Mafia na kurudi kila mara nisingeweza. Kalunde alisema, "Mtani wangu halali hotelini," akanichukua kwake Chanika. Omari alibaki siku chache akarudi baharini, kambi ya mbali, hata Utende hakupita; Rukia alibaki. Tulilala watatu, mimi, Rukia na Kalunde, kwenye chumba chao cha uani. Mdomo wangu ulikuwa na ladha ya chuma, kila chakula chuma. Kalunde alipika ugali na mlenda, mimi nikataka nazi, akasema watu wa pwani wangeweza wangetia nazi kwenye chai. Kilichoshuka kooni kilikuwa michembe iliyolowekwa. Magome yale ndiyo yaliyonifikisha mwisho.

Kila asubuhi tulisimama mbele ya ukuta, mimi na mkono wa kushoto, yeye na wa kulia, tukipandisha vidole kama wanavyofundisha, nani atafika juu. Nywele zilipoanza kutoka alininyoa, nami nikamnyoa. Mumewe alitukuta tumekaa kibarazani vichwa viwili vinang'aa, akasimama, akauliza, "Mke wangu ni yupi?" Kalunde akamwambia achague haraka, wote ni nusu nusu.

Siku moja nilimpigia Bi Time kumjulia hali. Nilitumia simu ya Kalunde.

"Nani?"

"Mimi, Mwanahamisi. Shikamoo."

Nikasikia, "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun!" na simu ikaanguka. Nilisikia kuku, nikasikia watu wanaitana. Ndipo nilipojua kwamba, kwa vile Omari na Rukia waliondoka mbio wasionekane tena, huku nyumbani mmeshanisomea hitima. Tena nasikia pilau ilikuwa nzuri. Sina kinyongo, dua haipotei, nimeitumia.

Kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa fupi kwa sababu nililala. Tope lilikuwa limekauka, boti iliondoka kwa wakati wake, jambo ambalo wazee waliokuwemo walilizungumza mpaka katikati ya bahari. Kalunde yeye bado anaendelea na dawa. Kidonda chake kilichelewa kupona, kwa hiyo alianza dawa nyuma yangu. Tunapigiana simu, ananiuliza kama nimekufa, namwambia aje aone.

Nilipofika mlikuja wote kunipa pole, nanyi mlikuwa mnatazama kifua changu halafu mnatazama mkeka. Sikuwalaumu. Bi Time ndiye aliyebaki wenzake walipotoka. Ameniruhusu niliandike hili. Alifunga mlango kwa komeo akasema, "Nionyeshe."

Nikafungua kanga. Alisogea karibu, akavaa miwani.

"Nilidhani ni shimo."

"Ni mstari."

Akaupitisha kidole juu kwa juu, hakuugusa. "Mama yako alikuwa shoga yangu. Nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa namletea udi, achome chumbani watu wasisikie harufu. Tuliona tunamsitiri." Akakaa kitandani kwangu. "Hatukujua kama kuna mahali pa kumpeleka."

Nilifunga kanga, tukanywa chai.

Mimi sikutaka kukaa ndani zaidi. Hospitali wameniambia mkono wa kushoto usibebe mzito, usichubuke, na vidonge nimeze kwa miaka. Nilisikia yote, lakini bamvua lilipokuja, maji yanapokupwa mbali, niliteremka nanyi na gunia langu begani, la kulia. Mnakumbuka asubuhi hiyo. Hakuna aliyenitania, hakuna aliyeniimbia. Mlikuwa mnanipisha njia kama napita na bakuli la maji ya moto.

Nilipoinama kushika kamba ya kwanza iliyojaa, Bi Time akainyakua mkononi mwangu. Akatandika mkeka pale kivulini kwenye makuti, akamwaga rundo la mbegu za mwani na tai-tai, zile kamba ndogo za kuzifungia.

"Kaa hapa, ufunge."

"Naweza kubeba, Bi Time."

"Najua unaweza. Hatujakuuliza kama unaweza."

Nikabaki nimesimama. Kila mmoja wenu alikuwa ananitazama, na mimi sijawahi kukaa wenzangu wakibeba. Ndipo Hadija, ambaye hana breki, akapaza sauti kutoka majini: "Na ukaze vizuri, mama! Mwani wetu ukienda na maji tunakuja kulikata na hilo lililobaki!"

Bi Time akashika mdomo. "Astaghfirullah, Hadija!"

Niliyecheka kwanza ni mimi. Nilicheka mpaka nikahitaji pa kujishikia, na pa kujishikia hapakuwepo. Nikakaa.